Sura ya Sita: Sultani wa Kukodi

Filamu iliyofungua Tamasha la Doha Tribeca tarehe 25 Oktoba 2011, pale Katara, ilikuwa ya wenyeji kwa fedha na ya wageni kwa karibu kila kitu kingine. Inaitwa Black Gold. Taasisi ya Filamu ya Doha, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei tu, ilishirikiana kuitengeneza na Tarak Ben Ammar, mtayarishaji maarufu kutoka Tunisia, na kazi ya kuiongoza akapewa Mfaransa Jean-Jacques Annaud. Hadithi ni ya masultani wawili wa Uarabuni, mwanzoni mwa karne ya 20, wanaogombana juu ya ardhi iliyogundulika kuwa na mafuta. Sultani mmoja akaigizwa na Mhispania, Antonio Banderas. Binti yake akawa Freida Pinto wa Mumbai. Kijana anayeozwa binti huyo akawa Tahar Rahim, Mfaransa aliyezaliwa na wazazi wa Algeria. Na sultani wa pili, mcha Mungu na mkaidi, anayetaka jangwa libaki kama Mwenyezi Mungu alivyoliumba, akapewa Mwingereza mmoja mwenye upara ambaye mamilioni ya watu wanaijua sura yake na hawalijui jina lake.

Anaitwa Mark Strong.

Aliyekulia kwenye mabanda ya video ya Afrika Mashariki, yale ya mabenchi na pazia zito mlangoni, Lufufu akitafsiri kwa Kiswahili jijini Dar es Salaam au DJ Afro akiisimulia filamu kwa mbwembwe Nairobi, alijifunza mapema kwamba filamu ina steringi na ina maadui. Steringi ana jina, tena jina la kudumu: atakuwa Rambo au Van Damme hata filamu ikibadilika. Adui hujulikana kwa alama tu. Yule mwenye kovu. Yule mwenye sigara. Yule mwenye upara. Jina lake halisi hupita mwishoni, wakati mwenye banda ameshazima mashine na watu wanatafuta ndala zao gizani. Strong amejenga kazi ya zaidi ya miaka 30 katika kundi hili la wasiotajwa, na ameijenga vizuri kiasi kwamba waongozaji wakubwa wa Uingereza na Marekani humpigia simu kabla hawajamaliza kuandika orodha ya waigizaji.

Alizaliwa London tarehe 5 Agosti 1963, akaitwa Marco Giuseppe Salussolia. Baba alikuwa Mwitaliano, mama Mwaustria. Baba aliondoka mapema, mama akamlea, na ni mama huyo aliyelibadilisha jina la mwanawe kisheria ili asionekane mgeni miongoni mwa wenzake. Kijana alipokua alikwenda Munich kusomea sheria, kwa Kijerumani alichokipata nyumbani, akaacha baada ya mwaka mmoja. Akarudi Uingereza kusoma Kiingereza na sanaa za maonyesho katika chuo cha Royal Holloway, kisha akaingia shule ya tamthilia ya Bristol Old Vic. Kwa hiyo yule ambaye dunia ingemwona kama Mwingereza wa kupigiwa mfano hakuwa na tone la damu ya Kiingereza, na uso wake ulibaki na jina ambalo karatasi zilikuwa zimelifuta: ngozi ya Mediterania, pua ndefu, macho meusi.

Si wa kwanza. Uingereza ina utamaduni wa waigizaji waliobadilishiwa jina ili wakubalike, kisha wakaajiriwa kwa sababu ya sura ambayo jina lilikusudiwa kuificha. Ben Kingsley alizaliwa Krishna Bhanji, mwaka 1943. Baba yake alikuwa daktari mzaliwa wa Kenya, na babu yake alikuwa mfanyabiashara wa viungo aliyehamia Zanzibar kutoka India. Mjukuu huyo wa Unguja akaja kuwa Gandhi mwaka 1982 na kupata Oscar, halafu akawa mhasibu Myahudi katika Schindler's List, kanali wa Kiirani katika House of Sand and Fog, na jambazi wa London katika Sexy Beast. Ukimpa kitambaa, anakuwa wa kabila la kitambaa hicho. Strong ni wa ukoo huohuo wa kisanii, ila yeye alianza kwa mlango wa nyuma zaidi, kwenye televisheni.

Mwaka 1996 BBC ilionyesha tamthilia ya vipindi tisa, Our Friends in the North, inayofuata maisha ya marafiki wanne wa Newcastle kuanzia 1964 hadi 1995. Waigizaji wanne wakuu walikuwa vijana ambao bado hawakuwa nyota. Miaka kumi baadaye mmoja wao, Christopher Eccleston, alikuwa amekwisha kuwa Doctor Who. Mwingine, Daniel Craig, alikuwa James Bond. Gina McKee alikuwa jina la heshima jukwaani na kwenye televisheni. Wa nne alikuwa Strong, aliyecheza Tosker, yule rafiki mwenye tamaa ya fedha na muziki wa bendi. Yeye hakupata mhusika mmoja wa kuibeba dunia. Alipata waliobaki wote.

Lakini hakuwapata kwa haraka. Ilimchukua hadi 2004, akiwa na miaka 40, ndipo akapewa nafasi iliyowashtua watu: Harry Starks, jambazi wa London ya miaka ya 1960 katika The Long Firm, tamthilia nyingine ya BBC. Starks ni muuaji anayependa nyimbo za kumbi za starehe na anayetamani kuheshimiwa na wakubwa. Strong alimcheza kwa upole. Hapo ndipo ilipoonekana siri ya ufundi wake, ambayo ameitumia tangu siku hiyo: kadiri mhusika anavyozidi kuwa hatari, ndivyo sauti inavyoshuka. Mtazamaji analazimika kusogea karibu kumsikiliza mtu ambaye akili inamwambia amkimbie. Tuzo za BAFTA zilimteua, na milango ya sinema ikafunguka.

Kilichofuata ni miaka mitano ambayo ukiitazama kwenye orodha utadhani ni kazi ya watu watatu. Roman Polanski alimchukua kwa Oliver Twist mwaka 2005. Guy Ritchie alimchukua mwaka huohuo kwa Revolver, akamrudia 2008 kwa RocknRolla, kisha 2009 akamfanya Lord Blackwood, mchawi wa Sherlock Holmes. Matthew Vaughn alimpa mwanamfalme muuaji katika Stardust, 2007, na baadaye kidogo bosi wa mafia wa New York katika Kick-Ass. Danny Boyle alimgeuza kichaa aliyeungua na jua katika Sunshine. Ridley Scott alimtumia mara mbili. Kurudiwa huku ndiko kunakopaswa kuangaliwa, kuliko majina yenyewe. Steringi huitwa kwa sababu benki inamtaka, kwa kuwa uso wake kwenye bango ndio dhamana ya mkopo. Mwigizaji wa pembeni huitwa tena kwa sababu mwongozaji aliyefanya naye kazi mara ya kwanza hakupoteza muda. Alikuja akiwa ameyajua maneno yake, akasimama penye taa, akafanya kazi na kwenda zake. Anaajiriwa kama fundi seremala mzuri anavyoajiriwa mtaani, kwa sifa ya kabati la jirani.

Katikati ya miaka hiyo alianza kuvaa Uarabu.

Mara ya kwanza ilikuwa Syriana, 2005, filamu ya Stephen Gaghan kuhusu mafuta, majasusi na nchi ya Ghuba ambayo haitajwi jina. Strong ni Mussawi, mtu aliyejifungia chumbani na jasusi wa Kimarekani anayechezwa na George Clooney, na kazi yake humo ni kung'oa kucha. Onyesho hilo halichukui muda mrefu. Clooney aliumia uti wa mgongo kwelikweli wakati wa kulirekodi, akapata Oscar kwa filamu hiyo, na mtazamaji akaondoka akiikumbuka koleo na mkono ulioishika. Katika filamu hiyohiyo yupo Alexander Siddig, mzaliwa wa Sudan aliyekulia Uingereza, akiwa mwanamfalme anayetaka kuibadilisha nchi yake. Inafaa kuwatazama wawili hawa kwa pamoja: mwenye asili ya dunia hiyo amepewa heshima na matumaini, na asiye na asili hiyo amepewa koleo. Hollywood ya miaka ile haikuwa na kawaida ya kugawa hivyo.

Mara ya pili ndiyo iliyomtoa. Body of Lies ya Ridley Scott, 2008, ina Leonardo DiCaprio na Russell Crowe juu ya bango, lakini aliyeichukua mfukoni ni Hani Salaam, mkuu wa idara ya ujasusi ya Jordan. David Ignatius, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hiyo, alimchora mhusika huyo kwa kumfuata Saad Kheir, aliyewahi kuongoza idara hiyo kweli. Strong anavaa suti zilizokatwa vizuri, anaongea polepole, na anaomba kitu kimoja tu kutoka kwa Wamarekani: wasimdanganye. Humo DiCaprio anakimbia, analipuliwa, anavuja damu. Hani anakaa tu. Kila anapoingia chumbani, nguvu inahama upande wake. Kwa mtazamaji wa Amman au Doha ilikuwa ajabu kumwona ofisa Mwarabu ambaye ndiye mwerevu kuliko wote katika filamu ya Hollywood, na ajabu ya pili ilikuwa kugundua kwamba Mwarabu mwenyewe ni mtoto wa Mwitaliano na Mwaustria aliyezaliwa London. Dubai ilikuwa imekataa filamu hiyo isirekodiwe kwake kwa sababu ya maudhui yake ya kisiasa, na Scott akaenda zake Morocco.

Hapa Doha inaingia.

Miji ya Ghuba ilikuwa kwenye mashindano ya kuvutia sinema. Dubai ilianzisha tamasha lake mwaka 2004, Abu Dhabi ikafuata 2007, na mwaka 2009 Doha ikaingia kwa kishindo, kwa ubia na tamasha la Tribeca la New York, mgeni wa heshima akiwa Robert De Niro mwenyewe. Tamasha la kwanza lilifanyika kwenye Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kiislamu, lile la I. M. Pei lililosimama kwenye maji mwisho wa Corniche. Filamu ya ufunguzi ilikuwa Amelia ya Mira Nair, mwongozaji ambaye nyumba yake ya Afrika iko Kampala na ambaye mwaka 2004 alianzisha huko Maisha, mahali pa kuwafundishia vijana wa Afrika Mashariki kutengeneza filamu. Mzanzibari anaweza kutabasamu kidogo, kwa kuwa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ilikuwa tayari na miaka 11 wakati huo, ikionyesha filamu zake Ngome Kongwe kwa fedha ambazo Doha ingezitumia kwa mazulia mekundu peke yake.

Black Gold ilikuwa dau kubwa la Doha. Mpaka hapo mji ulikuwa unaalika filamu za watu. Sasa ulitaka yake, kubwa, ya farasi na ngamia na maelfu ya wapiganaji, ya kusimama na Lawrence of Arabia. Msingi wake ulikuwa riwaya ya mwaka 1957 ya Hans Ruesch, Mswisi aliyekuwa dereva wa magari ya mashindano kabla ya kuushika ufundi wa kusimulia. Masultani wawili, Nesib wa Hobeika na Amar wa Salmaah, wanamaliza vita kwa kukubaliana kwamba jangwa lililo kati yao halitakuwa la yeyote. Kama dhamana ya amani, Amar anamwachia Nesib wanawe wawili. Miaka inapita. Wamarekani wanafika na kumnong'oneza Nesib kwamba chini ya jangwa lile kuna mafuta. Nesib anachimba, anajenga shule na hospitali. Amar anasema mapatano ni mapatano.

Waqatari hawakuhitaji riwaya ya Mswisi kuijua hadithi hiyo. Babu zao waliishi kwa lulu, na soko la lulu lilipoanguka miaka ya 1930 nchi iliingia katika njaa. Mwaka 1935 Sheikh Abdullah bin Jassim Al Thani alitia saini mkataba wa kutafuta mafuta na kampuni ya Waingereza. Mafuta yakapatikana Dukhan mwanzoni mwa 1940. Vita Kuu ya Pili ikasimamisha kazi. Na meli ya kwanza haikuondoka na shehena hadi mwisho wa 1949. Hata hivyo filamu haina Qatar ndani yake. Ina Uarabuni wa vitabu vya hadithi, wenye falme za kubuni, na watu wake wote wanazungumza Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi aliyotoka nayo kwao. Banderas anazungumza kama Banderas.

Sehemu kubwa ilirekodiwa Tunisia. Kikosi kilikuwa huko mwishoni mwa 2010, kikivalisha watu majoho na kupanga mapinduzi ya kuigiza, wakati nchi ilipowaka moto wa kweli: Mohamed Bouazizi alijichoma tarehe 17 Desemba, na tarehe 14 Januari 2011 Rais Ben Ali akapanda ndege na kukimbia. Mtayarishaji, Ben Ammar, ni mpwa wa Wassila, aliyekuwa mke wa Rais Habib Bourguiba, kwa hiyo siasa za Tunis hazikuwa habari za mbali kwake. Kazi ikaendelea, kisha ikamaliziwa katika jangwa la Qatar. Filamu kuhusu kijana anayewapindua watawala wazee wa Kiarabu ilizaliwa mwaka uleule ambao vijana wa Kiarabu walikuwa wakifanya hivyo bila muswada, na bado haikuweza kulitumia tukio hilo hata kidogo.

Strong ndiye anayeibeba. Amar angeweza kuwa kituko, mzee wa dini anayekataa maendeleo, na muswada umemsukuma upande huo zaidi ya mara moja. Mwigizaji anasukuma kurudi. Anamcheza kama mtu aliyeuza watoto wake kwa ajili ya neno alilotoa, na ambaye kwa hiyo hawezi kulivunja neno hilo, kwa sababu akilivunja watoto watakuwa wameuzwa bure. Mabishano yake na mwanawe kuhusu mafuta na dini ni sehemu pekee ambapo filamu inaacha kupiga mbiu na kuanza kufikiri. Banderas anafurahia mavazi, na hiyo si dhambi, lakini ni Strong anayefanya utawala uonekane kuwa mzigo.

Na hapa ndipo swali linapokuwa gumu. Filamu za wazungu waliovaa uso wa Kiarabu zina historia ndefu: Alec Guinness alikuwa Mwanamfalme Faisal katika Lawrence of Arabia mwaka 1962, Anthony Quinn alikuwa Auda abu Tayi pembeni yake, na Quinn huyohuyo akawa Omar Mukhtar mwaka 1981. Kwa kawaida jibu lilikuwa kwamba fedha ni za wazungu, kwa hiyo wanachagua wazungu. Doha ilikuwa na fedha zake. Ilikuwa na uhuru wa kumweka yeyote kwenye kiti cha usultani, ikachagua Madrid na London. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sababu haikuwa dharau kwa Waarabu. Ilikuwa hesabu ya wasambazaji wa filamu wa Ulaya na Marekani, wanaouliza kwanza nani yumo. Strong alijibu swali hilo nusu tu, kwa kuwa hakuwa jina kubwa, lakini alikuwa tayari amethibitishwa na Ridley Scott kuwa Mwarabu anayefaa. Tabia mbaya ya sekta nzima ilikuwa imempa sifa halali ya kazi.

Hesabu yenyewe haikulipa. Filamu iliyokula makumi ya mamilioni ya dola iliambulia sehemu ndogo tu ya gharama zake duniani. Marekani ilifika mwaka 2013, kimyakimya, ikiwa imebadilishwa jina kuwa Day of the Falcon.

Wakati huohuo mwigizaji wake alikuwa anapitia mkosi ambao ungemmaliza steringi yeyote. Mwaka 2011 alikuwa Sinestro katika Green Lantern, filamu iliyofeli vibaya hadi muendelezo wake, ambao Sinestro ndiye angekuwa adui mkuu, haukutengenezwa kamwe. Mwaka 2012 alikuwa Matai Shang katika John Carter ya Disney, mojawapo ya hasara kubwa katika historia ya sinema. Ukiongeza Black Gold katikati, ni misiba mitatu mikubwa ndani ya miezi kama 10. Taylor Kitsch, steringi wa John Carter, alibeba jina la hasara ile kwa miaka. Hakuna aliyemlaumu Strong. Mwaka huohuo wa 2011 alikuwa pia kwenye The Guard, vichekesho vya polisi wa Ireland, na kwenye Tinker Tailor Soldier Spy kama Jim Prideaux, jasusi aliyesalitiwa na mtu aliyempenda, anayejificha kwenye shule ya wavulana akifundisha watoto Kifaransa. Humo hasemi mengi. Mwishoni anaishika bunduki na kumlenga rafiki yake, na uso wake unasema mambo ambayo majasusi wote wa filamu hiyo wamekaa saa mbili wakiyaficha. Mwaka uliofuata Kathryn Bigelow alimpa dakika chache tu katika Zero Dark Thirty, bosi wa CIA anayeingia mkutanoni kuwafokea watu wake, na kwa mara moja yule mnong'onaji akapiga meza.

Ndani ya Doha, watazamaji wenyewe walikuwa wameshatoa maoni yao kabla ya Black Gold. Kwenye tamasha la 2010 kura yao ya filamu bora ya hadithi ilikwenda kwa The First Grader, kisa cha kweli cha Kimani Maruge, yule mzee wa miaka 84 aliyejiandikisha darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 baada ya serikali ya Kibaki kufuta karo za shule za msingi. Mwongozaji alikuwa Mwingereza, Justin Chadwick, lakini Maruge aliigizwa na Oliver Litondo, Mkenya aliyekuwa akisoma habari kwenye televisheni na kuchukua nafasi ndogo katika filamu ambazo wageni walikuja kurekodi Kenya. Huyu naye ni mwigizaji wa pembeni wa miaka mingi. Tofauti ni kwamba siku moja mtu alimweka katikati, ndani ya hadithi ya kwao, na mji wenye Wakenya wanaolinda malango na kuendesha magari ya watu ukapata nafasi ya kuiona.

Ndani ya Black Gold kwenyewe kulikuwa na mtu mwingine wa kumwangalia. Riz Ahmed, kijana wa Wembley mwenye asili ya Pakistani, ni Ali, mwana mwingine wa Amar, daktari mwenye ulimi mkali. Ndiye anayeleta kicheko katika filamu hiyo, na baadhi ya wahakiki walimsifu. Mwaka uliofuata, Novemba 2012, tamasha la Doha lilifunguliwa na filamu nyingine iliyofadhiliwa na taasisi hiyohiyo, The Reluctant Fundamentalist, ya Mira Nair yule wa Kampala, na steringi alikuwa Ahmed. Mwana alikuwa amepata kwa mwaka mmoja kile ambacho baba wa kuigiza hajawahi kukipata kwenye sinema kubwa hadi leo.

Ubia na Tribeca haukuvuka 2012. Mwaka 2013 taasisi ikaanzisha Ajyal, tamasha la vijana, na mwaka 2015 Qumra, mahali waongozaji chipukizi wanapokutana na wakongwe. Badala ya kununua filamu moja nene, ikaanza kugawa ruzuku kwa nyingi nyembamba. Mojawapo ilikuwa Theeb ya Naji Abu Nowar, ya 2014. Jangwa lake ni la mwaka 1916, Wadi Rum, Jordan. Waigizaji wake ni Mabedui wa bonde hilo, ambao hawakuwa wamewahi kuigiza. Mtoto mkuu, Jacir Eid, anashikilia filamu nzima kwa macho. Wanazungumza Kiarabu chao. Mwingereza yumo, Jack Fox, ofisa mwenye sanduku la siri, anayefoka, asiyeelewa lugha wala maji, na anayekufa mapema. Theeb ilipata tuzo ya uongozaji ya kitengo cha Orizzonti kule Venice, ikateuliwa Oscar. Gharama yake haikufika hata bajeti ya farasi wa Annaud.

Strong hakuwa na la kujitetea wala la kutetea, akaenda kwenye kazi nyingine. Mwaka 2014 aliingia ukumbi wa Young Vic, London, kama Eddie Carbone, mpakuzi wa bandarini katika A View from the Bridge ya Arthur Miller, akiongozwa na Ivo van Hove bila samani wala viatu. Alikuwa na miaka 50 na alikuwa amekaa mbali na jukwaa kwa zaidi ya muongo. Akapata tuzo ya Olivier ya mwigizaji bora, wakampeleka Broadway, akateuliwa Tony. Carbone ni mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia. Yule Salussolia aliyefutwa kwenye karatasi akiwa mtoto akapewa, hatimaye, mtu wa kwao.

Kwenye sinema Vaughn akampa mtu mwema, jambo lisilo la kawaida: Merlin wa Kingsman, Mskoti mwenye miwani anayewapa majasusi silaha zao. Watoto wa Nairobi na Dar waliomjua kwa filamu hiyo hawakuamini kwamba ndiye Blackwood. Katika sehemu ya pili, 2017, Merlin anakanyaga bomu la ardhini na kufa akiimba wimbo maarufu wa John Denver, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye baa ya Nakuru siku ya muziki wa kantri ataelewa kwa nini baadhi ya Wakenya waliliona onyesho hilo kuwa ndilo la maana kuliko yote. Mwaka 2019 alirudi kwenye uadui katika Shazam!, na katika 1917 ya Sam Mendes akapita kwa dakika chache kama Kapteni Smith, mtulivu, akimpa askari mchanga shauri kisha akitoweka na lori lake.

Novemba 2024, HBO ilianza kuonyesha Dune: Prophecy, mfululizo uliochukua ulimwengu wa Frank Herbert miaka elfu kumi kabla ya filamu za karibuni. Utajiri wote wa ulimwengu huo unatoka kwenye sayari moja ya jangwa, yenye kiungo ambacho kila mtawala anakitaka, na wenyeji wake wamefunika nyuso kama Mabedui. Mfalme Mkuu, Javicco Corrino, ni mtu dhaifu aliyezungukwa na wanawake wenye akili kuliko yeye. Walimpa Strong. Safari hii hakuna aliyeuliza kwa nini sultani huyo ni Mwingereza, kwa kuwa nchi yake haipo kwenye ramani yoyote; mwigizaji akamcheza kwa woga, akinyanyua sauti pale ambapo Hani Salaam angeishusha.

Mwaka huohuo alikuwa amekwisha kuwa mfalme mwingine jijini London, katika ukumbi wa Wyndham's, na mwaka 2025 wakampeleka New York: Oedipus, katika toleo la Robert Icke ambapo mfalme wa Thebes ni mwanasiasa wa leo anayesubiri matokeo ya uchaguzi ofisini kwake usiku, Lesley Manville akiwa mkewe. Humo hana kilemba, joho wala ndevu za bandia. Ana suti, saa ya ukutani inayohesabu kurudi nyuma, na jina lake ndilo la kwanza kwenye bango.